Seva Inapokataa Kuandika: Ruhusa katika Diski Zilizounganishwa



Muhula uliopita baadhi ya walimu wa idara yetu walishindwa kuhifadhi rekodi za mtihani wa mazungumzo kwenye seva. Rekodi za zamani zilisikika bila shida, lakini kila walipojaribu kuweka mpya, seva ilijibu kwamba hawana ruhusa. Tungependa kueleza chanzo cha tatizo hilo na jinsi tulivyolitatua.

Seva yetu hutumia Linux. Diski zake tatu zimeunganishwa kwa programu iitwayo mergerfs ili zionekane kama diski moja. Mtumiaji huona folda moja ya Rekodi, ingawa faili zake zimo katika diski zote. Diski ya tatu ilitolewa kwenye seva ya zamani, ikiwa na folda yenye jina hilohilo.

Muungano huu hauna ruhusa zake wenyewe. Kila diski hubaki na zake. Tulipoikagua folda kupitia muungano kwa amri ya ls -ld, tulionyeshwa ruhusa za diski ya kwanza tu, nazo zilikuwa sawa. Kumbe faili mpya zilikuwa zinapelekwa kwenye diski yenye nafasi kubwa zaidi, yaani ya tatu. Huko, haki ya kuandika ilikuwa ya kikundi namba 1001. Linux huandika namba kwenye diski, si jina. Katika seva ya zamani namba hiyo ilikuwa ya walimu. Katika seva mpya walimu wana namba nyingine.

Wapo walioshauri tutumie chmod 777, yaani kumruhusu kila mtu kufanya lolote. Hatukukubali. Mwanafunzi yeyote mwenye akaunti angeweza kufuta au kubadilisha rekodi, na alama isiyo na rekodi haiwezi kutetewa mwanafunzi anapokata rufaa.

Badala yake tulifuata hatua hizi:

1. Kwa amri ya id, tulihakikisha kwamba kila mwalimu yumo katika kikundi cha walimu. Anayeongezwa sharti atoke kwenye akaunti yake na kuingia upya.

2. Tulikagua folda katika kila diski pekee, si kupitia muungano, kwa ls -ldn, ambayo huonyesha namba.

3. Katika diski ya tatu tulirekebisha kikundi kwa chgrp -R walimu.

4. Folda tulizipa ruhusa 2770 na faili 660. Ile 2 ya mwanzo hufanya faili mpya zirithi kikundi cha folda.

5. Tuliandika faili ya majaribio kwa akaunti ya mwalimu, si ya msimamizi, kwa sababu msimamizi hazuiwi na ruhusa hizi.

Rekodi zote sasa zinahifadhiwa. Wenzetu wanaounganisha diski za zamani na mpya, tunawasihi wakague namba za vikundi kabla ya siku ya mtihani.