Sitini au Tisini? Jinsi ya Kuchagua Maikrofoni ya Bei Nafuu kwa Vikao vya Mtandaoni

Kwa kawaida kurasa hizi hubeba habari za matanki ya maji, madarasa na vikundi vya kuweka na kukopa. Safari hii tunaomba mtuvumilie tuzungumzie maikrofoni, kwa sababu sauti mbovu nusura ituvunjie uaminifu tulioujenga kwa miaka.

Ilikuwa hivi. Katika kikao cha sauti kwa njia ya intaneti, mhazini wetu alisoma maendeleo ya tanki la maji ya mvua na kusema kuwa tumekwisha kutumia mifuko sitini ya saruji. Upande wa pili mwandishi wa kumbukumbu, mtu anayekijua Kiswahili vizuri, akaandika 90. Hakuna aliyeuliza. Taarifa ya maandishi ilipofika baadaye ikiwa na risiti za mifuko 60, swali likaja kwa barua: mifuko 30 imekwenda wapi? Risiti zote zilikuwepo na hesabu ilikuwa sawa, lakini hadi ilipofahamika kuwa kosa lilikuwa la sikio, mama mhazini alikuwa ameshatuletea daftari na ufunguo wa sanduku akisema hawezi tena kazi hii. Tulimbembeleza sana ndipo akakubali kubaki.

Baada ya hapo tulifanya jaribio dogo. Mmoja wetu alikaa ukumbini mahali pale pale pa mhazini, simu ikiwa katikati ya meza kama siku ile. Mwingine akatoka nje na simu ya pili na karatasi, akaandika kila namba aliyoisikia. Alikosea mara kadhaa, na karibu kila alipokosea ilikuwa ni sita na tisa, au sitini na tisini. Tuliporudia kwa maiki ya waya iliyo karibu na mdomo hakukosea hata moja. Simu ilikuwa ile ile, na mtandao ule ule.

Kwa nini sita na tisa

Tazama maneno hayo yalivyoundwa. Yana irabu zile zile, i na a, kwa mpangilio ule ule. Kinachoyatofautisha ni mahali pa s na t tu. Sasa irabu ni sauti nzito yenye nguvu, husafiri mbali. Lakini s ni mlio mwembamba wa pumzi, na nguvu yake kubwa iko juu ya mitetemo 4,000 kwa sekunde. Simu za zamani za waya zilipitisha mitetemo kati ya 300 na 3,400 tu, ndiyo maana wazee wetu walizoea kutaja jina herufi kwa herufi kwenye simu. Programu nyingi za leo za kuongea kwa intaneti hutumia njia ya kubana sauti iitwayo Opus, iliyopitishwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2012, ambayo inaweza kubeba sauti yote anayoisikia binadamu. Kwa hiyo siku hizi, mtandao ukiwa mzuri, s hupotea mara nyingi hapa hapa chumbani kabla haijafika kwenye simu.

Na vyumba vyetu vinasaidia kuipoteza. Kiwengwa iko pwani ya mashariki ya Unguja, na mlio wa mawimbi yanayovunjika kwenye mwamba unafanana mno na s iliyorefushwa. Ongeza feni, upepo wa kusi unaoingia madirishani, na wakati wa masika mvua juu ya bati. Sakafu ya saruji na kuta tupu hurudisha mwangwi, hata neno moja likafika maikrofoni mara nyingi kwa vipande vinavyopandana. Sikio la mtu aliyekaa chumbani huweza kuchagua sauti ya mwenzake katikati ya hayo yote. Maikrofoni haichagui kitu.

Umbali kwanza, bei baadaye

Jambo tulilojifunza ni kuwa umbali kutoka mdomoni una uzito kuliko bei. Ukiongeza umbali mara mbili, nguvu ya sauti inayofika moja kwa moja hupungua hadi robo. Kutoka sentimita 5 hadi mita 1 ni mara 20 ya umbali, kwa hiyo nguvu hupungua mara 400. Mlio wa feni na bahari haupungui, kwa kuwa umejaa chumba kizima. Ndiyo maana maikrofoni ya bei kubwa iliyowekwa katikati ya meza hushindwa na kidude cha bei ndogo kilicho pembeni mwa mdomo.

Wala kidude hicho si cha kudharauliwa. Mwaka 1962 James West, Mmarekani mweusi, na Gerhard Sessler, Mjerumani, wakifanya kazi katika maabara za Bell huko Marekani, walibuni maikrofoni yenye utando mwembamba wa plastiki unaohifadhi chaji ya umeme kwa miaka mingi. Huhitaji umeme mdogo sana, na simu au kompyuta huutoa yenyewe kupitia waya. Kitu hicho kidogo kama punje ya hindi ndicho kilichomo katika hedseti nyingi za bei nafuu. Mara nyingi tofauti ya bei unailipia waya, pini na jina lililoandikwa juu ya boksi.

Kwa anayetumia simu, hedifoni za waya zenye maiki zinatosha. Angalia pini yake: ikiwa na mikanda mitatu myeusi, waya wa maiki upo, ikiwa na miwili, ni ya kusikilizia tu, hata muuzaji akiapa. Simu nyingi mpya hazina tundu la duara, hivyo utahitaji hedifoni zenye pini ya USB-C au kiunganishi chake, na hapo lazima ujaribu kwa simu yako mwenyewe, kwa kuwa si kila kiunganishi kinakubaliana na kila simu. Kasoro ya hedifoni hizi ni kwamba maiki huning'inia kwenye waya na kusugua nguo. Akina mama wanaojitanda ushungi wanalijua hili: maiki ikibaki ndani ya kitambaa, kila ukigeuza kichwa upande wa pili husikia kama mtu anafagia. Itoeni nje, muishike kwa vidole viwili.

Kwa kikao cha kamati kinachotumia kompyuta tunapendekeza hedseti, yaani ile ya kuvaa kichwani yenye mkono mwembamba unaoleta maiki mbele ya shavu, na iwe ya waya wa USB. Kompyuta za zamani zina matundu mawili, la waridi kwa maiki na la kijani kwa masikio. Nyingi za sasa zina moja tu, na watu hupoteza nusu saa ya kikao wakibadilisha pini. USB huondoa mkanganyiko huo. Maiki iwe vidole viwili kutoka pembe ya mdomo, isiwe mbele ya mdomo, kwa sababu pumzi ya p na b ikiipiga hutoa kishindo. Kipande cha sponji juu yake hupunguza upepo, na kisipokuwepo sponji safi iliyokatwa ukubwa wa nusu ya ndimu hufaa.

Hedseti za Bluetooth zinapendeza, lakini zina siri ambayo haiandikwi kwenye boksi. Unaposikiliza wimbo sauti ni nzuri. Mara tu unapoanza kutumia maiki yake, nyingi hushuka katika njia ya mawasiliano ya simu, ambayo hubana sauti sana, na zile za zamani hurudi karibu kabisa na mipaka ya simu ya waya. Tena zinahitaji kuchajiwa. Sisi wa kisiwa hiki hatujasahau mwaka 2008 tulipokosa umeme kwa takriban mwezi mmoja, wala ule wa kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Laini ya chini ya bahari iliyowekwa mwaka 2013 imeongeza uwezo, lakini umeme kukatika saa moja kabla ya kikao ni jambo la kawaida bado. Hedseti ya waya haina betri ya kuisha.

Wengine wametuuliza kuhusu maikrofoni ya kanisani. Hiyo ni ya aina nyingine: utando wake husukuma waya uliozungushwa ndani ya sumaku. Ni imara mno, na ile maarufu ya Shure SM58 imekuwa sokoni tangu mwaka 1966. Lakini inatoa umeme hafifu na hutegemea mikisa na amplifaya. Ukiiunganisha na simu kwa kiunganishi cha bei rahisi utasikika kama mtu aliye ndani ya pango. Iacheni ifanye kazi yake ya ibada. Na zile za mezani wanazotumia watangazaji, zinazosimama kwa miguu mitatu, zina ubora kweli, lakini ziliundwa kwa chumba kimya. Hapa zitawapelekea wafadhili feni, pikipiki na jogoo wa jirani.

Kabla ya kulipa

Kutoka Kiwengwa hadi maduka ya Darajani ni karibu kilomita 40, na nauli ya kurudisha kifaa kibovu inaweza kula faida yote. Kwa hiyo jaribu dukani. Chomeka kwenye simu yako, jirekodi ukisema: sita, tisa, sitini, tisini, laki sita, laki tisa. Wakati unajirekodi, tikisa waya polepole karibu na pini. Ukisikia mkwaruzo, rudisha. Mpe mwenzako asikilize bila kumwambia umesema nini. Muuzaji akiona mnabishana juu ya sita na tisa atacheka, nanyi chekeni naye, lakini msilipe mpaka mmeridhika.

Msishawishike na maneno ya kwenye boksi kuwa kifaa kinazuia kelele. Mara nyingi kinachozuiwa ni kelele isifike masikioni kwa aliyevaa. Anayewasikiliza ninyi hafaidiki na hilo. Ulizeni ni masikio au ni maiki.

Kifaa kikifika nyumbani, chumvi ya hewa yetu ndiyo adui. Pini hushika kutu ya kijani na sauti ikaanza kukatika. Tunahifadhi hedseti katika kopo lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, na pini hufutwa kwa kitambaa kikavu kila baada ya kikao.

Siku ya kikao

Kamati ikiwa na watu wanane, si lazima kununua hedseti nane. Katika mipangilio ya programu, chagueni maiki iwe ya hedseti na spika iwe ya kompyuta, kisha spika iwekwe mbali na mzungumzaji ili sauti ya upande wa pili isirudi kwao. Wote watasikia, na anayetaka kusema atavaa hedseti kwa zamu. Mwanzoni watu waliona ni usumbufu. Sasa tumegundua faida ambayo hatukuitarajia: mtu mmoja tu husema kwa wakati mmoja. Feni huzimwa kwa dakika za taarifa ya fedha, na kanga mbili tatu hutundikwa ukutani kupunguza mwangwi. Vikao huwekwa mbali na nyakati za adhana, na inapotukuta katikati tunanyamaza mpaka imalizike. Majirani zetu wengi ni Waislamu, na wengine ni wanachama wa mradi huo huo wa maji.

Maiki nzuri haitibu mtandao mbovu. Sauti ikikatika vipande au ikawa kama ya mashine, tatizo ni mtandao; ikisikika ya mbali na yenye mvumo, tatizo ni maiki au chumba. Mtandao ukiwa dhaifu, zimeni picha. Sauti peke yake kwa kiwango cha kilobiti 24 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 11 kwa saa kwa kila upande, ukiacha nyongeza za mtandao, na hilo hata kifurushi kidogo kinaliweza.

Kwa wafadhili wetu tuna maombi mawili. La kwanza, hesabu inaposomwa, irudieni kwa sauti kabla ya kuiandika. Nasi baada ya kila kikao mama mhazini hutuma namba zote kwa ujumbe wa maandishi siku hiyo hiyo. La pili, anayependa kutuzawadia kifaa cha sauti asitume kikubwa. Hedseti mbili za USB zina manufaa kwetu kuliko maikrofoni moja ya studio, kwa kuwa moja ikiharibika kikao hakisimami.

Kamati za parokia zinazofikiria kununua zinakaribishwa kujaribu kwanza. Tuna hedseti moja ya akiba, iko kwa mama mhazini, ndani ya kopo lililokuwa la maziwa ya unga. Njooni na simu au kompyuta mtakayoitumia.