Jinsi ya kuchagua vibanio imara vya benchi la seremala

SEREMALA anayetoboa tundu la kiungo kwenye fremu ya mlango huhitaji vitu viwili kabla ustadi wake haujaonekana: patasi kali na ubao usiosogea. Patasi hununuliwa na kunolewa kwa uangalifu, lakini kazi ya kuushika ubao mara nyingi huachiwa mguu wa fundi, goti la saidia fundi au msumari uliopigiliwa mezani. Ubao ukiteleza, patasi huendelea na safari yake, na kilicho mbele yake aghalabu ni mkono.

Ipo zana rahisi iliyobuniwa kuondoa hatari hiyo, nayo ni kibanio cha kugonga. Hiki ni kipande kimoja cha chuma kilichopindwa mithili ya bakora. Mguu wake hutumbukizwa katika tundu la benchi, na ncha ya mkono wake, iliyofuliwa ikawa bapa, hulazwa juu ya ubao. Pigo moja au mawili ya nyundo ya mbao juu ya kipindo hutosha kuukaza ubao, na pigo moja kwa nyuma huufungua.

Zana hii si ngeni. Mchoro wa ukutani uliofukuliwa Herculaneum, mji wa Warumi ulioangamizwa na volkano ya Vesuvius mwaka 79, unaionyesha ikiwa juu ya benchi. Joseph Moxon wa Uingereza aliieleza mwaka 1678, na Mfaransa André Jacob Roubo akaieleza tena katika kitabu chake kikubwa cha useremala kilichoanza kuchapishwa mwaka 1769.

Suala hili linazigusa karakana za miji inayokua kama Chitete, makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Momba, katika Mkoa wa Songwe uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016. Mji unaojenga ofisi, madarasa na nyumba huhitaji milango, madirisha na madawati. Jiliwa la kiwandani lina skrubu na sehemu nyingi, na bei yake huwa mzigo kwa fundi anayeanza. Kibanio cha kugonga chaweza kufuliwa na mhunzi wa jirani, mradi mteja ajue cha kuagiza.

Kinavyofanya kazi

Siri ya kibanio ni msuguano. Kinapogongwa, ubao husukuma mkono wake juu, na mguu huinama kidogo ndani ya tundu. Hapo mguu hukwama katika sehemu mbili: ukingo wa juu wa tundu upande wa nyuma, na ukingo wa chini upande wa mbele. Kipindo nacho hunyumbuka kama springi na kuendelea kuukandamiza ubao.

Kwa sababu hiyo, kibanio huvumilia mapigo na mvutano kila siku ya kazi. Chuma kisichonyumbuka hakidumu.

Aina ya chuma

Jambo la kwanza la kuchunguza ni namna kibanio kilivyotengenezwa. Chuma cha kusubu cha kawaida, yaani kilichoyeyushwa na kumiminwa katika kalibu, kina kaboni ya takriban asilimia 2 hadi 4. Ni kigumu lakini hukatika ghafla, na kibanio chake huvunjika penye kipindo. Hutambulika kwa mstari wa kalibu ubavuni na kwa mlio mzito, usiovuma, kinapogongwa. Kipo chuma cha kusubu kilichotiwa magnesi ili kivumilie mapigo, lakini si rahisi kukitofautisha na kile cha kawaida kwa macho.

Kilicho salama zaidi ni chuma laini cha pua, chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3, kilichopashwa moto na kufuliwa kikiwa kipande kimoja. Kibanio ambacho mkono wake umeunganishwa na mguu kwa kuchomelea kina udhaifu wake, kwani kiungo kipo pale pale panapobeba nguvu kubwa zaidi.

Mkoa wa Songwe haukosi chuma chakavu, kwani malori yaendayo Zambia hupita Tunduma usiku na mchana. Hata hivyo, springi za malori zina kaboni nyingi, na mhunzi akizitumbukiza majini zikiwa nyekundu, zitakuwa ngumu na kukatika kama kigae. Kibanio kiachwe kipoe polepole, hewani au kwenye majivu. Nondo yaweza kutumika, lakini matuta yake huchakaza tundu. Chuma cha mviringo kisicho na matuta ni bora zaidi.

Mhunzi aagizwe pia kupinda kwa mviringo mpana na kutokiponda chuma penye kipindo. Kona kali na shingo nyembamba ndizo chanzo cha ufa.

Vipimo

Kwa kazi za kawaida, mguu wenye unene wa milimita 19 au 20 unatosha; kwa kazi nzito, milimita 25. Tundu lizidi mguu kwa milimita moja hadi mbili tu. Likibana mno, mguu hautainama. Likipwaya mno, hautakwama.

Urefu nao ukadiriwe. Benchi lenye unene wa sentimita 7.5, likibeba ubao wa sentimita 10, linahitaji mguu wa walau sentimita 20, ili uvuke ukingo wa chini wa tundu hata mkono ukiwa juu.

Benchi lenyewe

Kibanio kizuri hakitaokoa benchi bovu. Unene unaofaa ni inchi 2 hadi 4. Juu ya ubao wa inchi moja, kingo za tundu huliwa haraka. Dawa yake ni kugundisha kipande kinene cha mbao ngumu chini ya eneo la tundu kabla ya kutoboa. Hata benchi la paini, mbao inayopatikana kwa wingi kutoka mashamba ya miti kama Sao Hill wilayani Mufindi, hudumu zaidi likiimarishwa hivyo.

Tundu litobolewe wima, mbali na miguu ya benchi na maungio ya mbao. Nafasi kati ya tundu na tundu isizidi mara mbili ya urefu wa mkono wa kibanio, ili pasibaki eneo lisilofikika.

Kibanio kipya kikiteleza, kisihukumiwe haraka. Mara nyingi mguu wake ni laini mno. Kuusugua kwa msasa mkavu kuuzunguka humaliza tatizo. Mafuta yasipakwe mguuni, kwa kuwa huua msuguano. Kipande cha ngozi au mbao chini ya ncha huzuia alama kwenye kazi ya mteja.

Wanyiha na Wafipa wa ukanda huu waliyeyusha chuma na kufua majembe kabla ya bidhaa za viwandani kuenea. Kibanio si zana iliyowazidi wahunzi wa aina hiyo. Mnunuzi asidanganywe na rangi wala mng'aro: akipige asikie mlio, akitazame kipindo, apime mguu kwa tundu. Dakika chache za uchunguzi ni gharama ndogo kuliko kidole cha fundi.