Unachoulizwa Stendi ya Machakos

Nauza maembe na ndizi kando ya stendi ya Machakos, na watu huniuliza habari za magari kuliko wanavyoniuliza bei. Saa ya kuondoka hawaulizi. Kila mtu anajua matatu hutoka likijaa. Wanachotaka kujua ni limebakisha wangapi, maana kwa mgonjwa anayewahi kliniki Kitui, gari la abiria 14 lililobakisha wawili si sawa na lililobakisha tisa. Makanga atasema mmoja. Ukiingia unakuta vijana wameketi kama abiria, kumbe wamewekwa, watashuka wateja wakipatikana. Mimi huwaambia wageni wachungulie dirishani kwanza, waangalie ni nani amepakata mzigo wake.

Halafu nauli. Serikali haipangi bei ya matatu. Ni wenye magari na sacco zao, na bei hupanda mvua ikinyesha, shule zikifunguliwa, Krismasi ikikaribia. Kwa hiyo uliza ukiwa bado chini, wengine wakisikia. Ukiwa na mtoto, uliza kama wa kupakatwa analipiwa.

Sheria iliwahi kumsaidia msafiri. Kanuni za waziri John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zilileta mstari wa manjano ubavuni mwa gari na njia yake kuandikwa hapo. Ni msaada mkubwa kwa mgeni anayeona haya kuuliza. Ila maandishi hayo hayasemi Nairobi utashushwa wapi, na wazee wetu hupotelea hapo. Hata jina la stendi hupoteza watu: kijana mmoja alishuka hapa na masanduku yake akitafuta basi la Busia, kwa kuwa nduguye alimwambia, "Pandia Machakos." Stendi aliyoelekezwa, Machakos Country Bus, iko Nairobi, kilomita zaidi ya 60 nyuma yake.

Nairobi wenyewe walichorewa ramani ya njia za matatu mwaka 2014, baada ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kuzunguka ndani ya magari na simu wakirekodi kila kituo, wakishirikiana na vyuo vya Marekani, MIT na Columbia. Kazi nzuri sana. Lakini jioni hapa, msichana wa shule anaponiuliza, "Mwaitu, la mwisho la Kathiani limeenda?" hana simu, na giza linaingia. Ningependa kila foleni iwekewe ubao wa chaki: nauli ya leo, gari linakoishia, na saa ambayo la mwisho huondoka.