Ziwa, Basi na Sala

Mwenyezi Mungu ametuhimiza katika Kurani Tukufu tutembee katika ardhi na tuuzingatie uumbaji wake. Basi matembezi ya halali ya jamaa wa nyumba moja si upuuzi. Yakifanywa kwa nia njema huwa ni somo kwa wakubwa na wadogo. Lakini Yeye aliyetuhimiza kutembea ndiye aliyeifaradhisha Sala kwa nyakati maalumu, na safari njema ni ile isiyoipoteza amri moja kwa kuifuata nyingine.

Tutazame mfano mmoja. Ndugu zetu wengi waliotoka Afrika ya Mashariki wanakaa Kanada, na wakati wa kiangazi huwapokea wazee na vijana waendao kuwazuru. Wageni wa jimbo la Alberta mara nyingi hupelekwa milimani kutazama Ziwa Louise na Ziwa Moraine, yaliyomo katika Hifadhi ya Taifa ya Banff iliyoanzishwa mwaka 1885. Kutoka mji wa Calgary hadi Ziwa Louise ni kiasi cha kilometa 180. Ziwa Moraine liko juu zaidi, karibu meta 1,880 toka usawa wa bahari, chini ya safu ya vilele kumi. Rangi yake ya samawati yatokana na unga laini wa mawe yaliyosagwa na barafu za milimani. Unga huo ukielea majini huirudisha nuru ya jua kwa rangi hiyo. Uzuri huu huonekana zaidi kuanzia mwisho wa Juni, barafu ikisha kuyeyuka.

Zamani kila mtu alikwenda na gari lake, na kiegesho kidogo cha Ziwa Moraine kilijaa kabla ya jua kuchomoza. Tangu mwaka 2023 magari ya watu binafsi hayaruhusiwi katika barabara ile, isipokuwa yenye kibali cha maegesho ya walemavu. Kwa hiyo mwenye mzazi asiyejiweza na aliulizie jambo hilo mapema. Wengine huenda kwa mabasi ya Parks Canada, ambayo ni idara ya hifadhi za taifa, au kwa mabasi ya makampuni yenye ruhusa. Barabara yenyewe hufunguliwa tangu mwanzo wa Juni hadi kati ya Oktoba tu.

Tikiti hukatwa kwa intaneti. Sehemu ya nafasi hutolewa mwezi wa Aprili, na sehemu nyingine hufunguliwa siku mbili kabla ya safari, saa 2 asubuhi. Mzee mgeni na aangalie hapa: 8:00 ya asubuhi iliyoandikwa katika tikiti ni saa 2 kwa hesabu yetu. Tena siku za Jumamosi na Jumapili watu ni wengi mno, na Ijumaa ina haki yake. Basi siku za katikati ya juma ni bora.

Sasa tuje kwenye Sala, ambayo ndiyo nguzo ya mpango wote. Mwishoni mwa Juni, huko maziwani, Adhuhuri huingia kiasi cha saa 8 kasorobo mchana, Alasiri baada ya saa 12 jioni, na jua huchwa karibu saa 4 usiku. Mwishoni mwa Septemba, majani ya miti ya mlimani yageukapo manjano na watu kumiminika kuyatazama, Alasiri huingia karibu saa 11 jioni na jua huchwa kiasi cha saa 1 na nusu. Hapo ndipo penye hatari. Tikiti huweka saa ya kwenda, lakini kurudi ni kwa foleni: aliyetangulia ndiye apandaye. Wangapi wanaweza kusimama katika foleni hiyo wakiitazama Alasiri ikiwaponyoka, na kisha kuwamo njiani jua likizama?

Dawa yake imo katika sheria yetu yenye huruma. Mwendo wa kutoka Calgary wapita kadiri iliyowekwa na wanavyuoni wa madhehebu ya Shafii, basi msafiri aweza kupunguza Adhuhuri na Alasiri kuwa rakaa mbili mbili, na kuzikusanya. Akizikusanya wakati wa Adhuhuri, aanze na Adhuhuri, anuie kukusanya kabla hajaimaliza, wala asizitenganishe kwa muda mrefu.

Kwa hiyo mpango wa Juni na uwe hivi. Sala ya Alfajiri isaliwe nyumbani, kwa ratiba ya msikiti wa mji, maana usiku wa Juni huko giza haliingii barabara. Gari liondoke saa 11 na nusu. Basi la Ziwa Moraine lipandwe baina ya saa 2 na saa 3 asubuhi. Kabla ya saa sita mchukue basi liunganishalo maziwa mawili, mle chakula Ziwa Louise, na ikiingia saa 8 msali Adhuhuri na Alasiri pamoja mahali pasipozuia njia ya watu. Baada ya hapo foleni haina la kuwanyang'anya.

Kibla nacho kisiwatie wasiwasi. Mtu wa Unguja huelekea kaskazini, na kwa ajabu ya umbo la dunia, huko Alberta vilevile huelekea kaskazini, kukiegemea mashariki kidogo. Maji ya ziwa ni baridi sana. Chukueni ya uvuguvugu katika chupa kwa udhu wa wazee na watoto, na makoti hata kama jua ni kali. Msiache chakula wala taka, kwani dubu wamo misituni.

Kijana akabidhiwe tikiti, binti akabidhiwe ratiba ya Sala, na kila mmoja ajue saa ya basi la mwisho. Nyumba ipangayo siku yake kwa Sala huikuta siku nzima imepangika.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari za salama, na atuonyeshe ishara zake tukiwa katika utii wake. Amin.