Ile kasete ya korali iko wapi?

Ndugu musomaji, tazama kidogo chini ya kitanda, ao ndani ya sanduku ya zamani ya baba. Pengine utakuta kasete moja bila boksi, imeandikwa na biki: «Korali, Pasaka». Ile siku kijana mumoja aliweka redio-kasete mbele ya waimbaji, basi. Studio hapana. Kuku analia katikati ya wimbo, mutoto anakohoa. Kampuni ya Philips ilionyesha kasete ya namna hiyo mara ya kwanza mwaka 1963, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa daftari ya nyimbo za watu wadogo, kwetu Kasongo na Kabambare pia. Vita vya 1996 na 1998 vilikimbiza watu porini, na mutu anayekimbia habebi kasete. Zile zilizobaki ni chache.

Wengine watasema: «Sauti yenyewe mbaya, itafaa nini?»

Sikia habari ya Kapkatet, inchi ya Kenya. Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika kule na mashine yake, akashika nyimbo za Wakipsigis. Wasichana waliimba juu ya mutu anaitwa Chemirocha. Kumbe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani! Sahani zake zilifika kule pamoja na gramafoni, na jina likageuka mudomoni. Wasichana walimuona kuwa nusu mutu, nusu mnyama. Sauti zile zilikaa Afrika ya Kusini, katika hifadhi ya ILAM ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954. Mwaka 2014 watu wa ILAM walirudi Kapkatet na nakala. Miaka 64 imepita! Wakamukuta mzee mumoja aliyerekodiwa na Tracey, angali hai.

Sisi watu wa migodi tuko na habari ya karibu zaidi. Tracey yule yule alimurekodi Jean-Bosco Mwenda na gitaa yake mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi. Bosco alikuwa kijana tu.

Sasa turudi kwa kasete yako. Usiiingize haraka ndani ya redio. Kama kuna ukungu mweupe juu ya utepe, acha kwanza, sababu ukungu utachafua mashine na utepe utakatika. Kama ni safi, zungusha pole pole na biki mpaka mwisho, kisha urudishe. Vunja vile vimeno viwili vya mugongoni, mutu asifute wimbo kwa bahati mbaya. Safisha kichwa cha redio na pamba yenye alkoli kidogo. Halafu, neno kubwa: mara ya kwanza kuipiga, simu iwe tayari inarekodi, kwa maana utepe muzee unaweza kukatika siku hiyo hiyo. Waya kutoka redio ni bora. Kama haiko, chumba kimya, simu karibu na spika, na watoto wacheze inje.

Pengine utacheka: mama wa sauti nzito anaimba kama mutoto! Ni mabetri. Siku ya tamasha yalikuwa yanakwisha, utepe ukaenda pole pole. Leo, kwa redio yenye nguvu, unakimbia. Programu ya kompyuta inaweza kurudisha mwendo. Lakini hifadhi pia nakala ile isiyoguswa.

Kugawanya ndiyo kazi ngumu. Kwa kadi ya simu, wimbo unatoka Kasongo na kufika Namoya ao Salamabila mbele ya barua. Ni vizuri, lakini uliza kwanza. Ndani ya sauti hizo kuna marehemu, na mujane atasikia bwana wake bila kujitayarisha. Mimi naona ni heshima kumwendea nyumbani, kukaa naye, na kumupa nakala yake ya kwanza. Kuuza, bila ruhusa ya wenye nyimbo, hapana.

Tena piga ile kasete mbele ya wazee, pole pole, wimbo kwa wimbo. Andika wanayosema: nani anaanzisha, nani anapiga ngoma, ni mwaka gani, kanisa gani. Redio haiwezi kukuambia ule anayekohoa ni mutoto wa nani. Koko anaweza.