Nauli na Kilomita: Hesabu Iliyojificha Ndani ya Daladala

Jina la daladala lenyewe, kama isemwavyo, latokana na nauli. Katika miaka ya mwanzo ya 1980, mabasi madogo ya watu binafsi yalipoanza kuwachukua abiria wa Dar es Salaam ambao mabasi ya shirika la UDA hayakutosha kuwachukua, nauli ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa dala. Aendaye karibu na aendaye mbali walilipa sawa. Nauli ya namna hiyo ina sifa moja kubwa: kondakta haulizi, abiria habishani. Lakini mji ulipotanuka kuelekea Mbagala, Gongo la Mboto na Mbezi, usawa huo haukuweza kudumu, kwa kuwa mafuta na matairi huliwa na kilomita. Ikabidi nauli ifungamanishwe na umbali.

Na tulitazame jedwali lililotangazwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA) mwishoni mwa mwaka 2023. Njia isiyozidi kilomita 10 iliwekewa nauli ya shilingi 600. Njia ya kilomita 11 hadi 15, shilingi 700. Na ya kilomita 16 hadi 20, shilingi 800. Mwanafunzi akizichora nauli hizi kwenye karatasi ya grafu, umbali ukiwa mhimili wa chini na nauli mhimili wa wima, hatapata mstari mnyofu bali ngazi. Hata hivyo, akiziunganisha ncha za vidato vya ngazi hiyo, yaani penye kilomita 10, 15 na 20, ataona kuwa zote zimo katika mstari mmoja mnyofu, upandao kwa shilingi 20 kila kilomita. Ajabu ni kwamba mstari huo ukirudishwa nyuma hadi kilomita sifuri haufiki kwenye sifuri ya nauli. Huukata mhimili wa wima penye shilingi 400. Mlinganyo wake, basi, ni N = 400 + 20K, ambapo N ni nauli kwa shilingi na K ni kilomita.

Hizo shilingi 400 hazikutajwa popote katika tangazo. Zimezaliwa na hesabu tu. Lakini maana yake si ngumu kuifahamu. Basi husubiri kituoni hadi lijae. Husimama njiani, hushika breki, huondoka tena kwa kunguruma. Kondakta hukusanya nauli na kurudisha chenji. Kazi hizo hazipungui kwa sababu abiria anashuka karibu. Kwa hiyo nauli ya umbali, karibu kila mahali ulimwenguni, ina sehemu mbili: bei ya kupanda na bei ya kwenda. Ndiyo maana aliyesafiri katika njia ya kilomita 5 alilipa shilingi 120 kwa kila kilomita, na wa njia ya kilomita 20 alilipa shilingi 40 tu.

Hapa ndipo palipo na kiini cha jambo. Bei ya kupanda hulipwa kila mara mtu apandapo. Tuseme njia ya kilomita 20 imegawanywa katika vipande viwili vya kilomita 10. Abiria aliyefika mwisho kwa gari moja alilipa shilingi 800. Aliyebadili gari katikati alilipa 600 mara mbili, yaani 1,200. Tofauti ni shilingi 400 kamili, ile ile bei ya kupanda ikijitokeza mara ya pili. Wakazi wa mjini wanaijua hesabu hii bila grafu, maana ndiyo chanzo kimoja cha ile tabia iitwayo kukatisha ruti: gari husimama njiani, abiria huambiwa washuke, na gari hugeuza kwenda kubeba wengine. Dereva na kondakta wana deni la kila siku kwa mwenye gari, ambalo wao huliita kwa neno hilo hilo, hesabu, na linalosalia ndilo riziki yao. Karipio na faini zaweza kupunguza tabia hiyo, lakini faida iliyomo ndani ya jedwali hubaki palepale.

Mwanafunzi aliyeachwa kituoni asubuhi ameonja upande mwingine wa hesabu hii. Nauli yake ilibaki shilingi 200, nusu ya bei ya kupanda tuliyoikuta katika grafu. Serikali ilimpa haki ya kulipa kidogo, lakini upungufu ukaachiwa kondakta; naye huutatua kwa kufunga mlango.

Mji wa Seoul, Korea ya Kusini, uliikabili shida ya kubadili magari tarehe 1 Julai 2004. Tangu siku hiyo aliyebadili basi au treni ya mjini hakuanza upya. Abiria aligusisha kadi kwenye mashine alipopanda na tena aliposhuka. Akipanda chombo cha pili ndani ya dakika 30, kilomita zote zilijumlishwa kana kwamba ni safari moja. Kilomita 10 za kwanza zilikuwa won 800, na kila kilomita 5 zilizozidi, au sehemu yake, won 100. Aliyekwenda kilomita 7 kwa basi na 9 kwa treni alitozwa kwa kilomita 16, yaani won 1,000, badala ya kulipa 800 mara mbili. Asubuhi ya kwanza mashine nyingi ziligoma na malalamiko yakawa makubwa, lakini utaratibu ukadumu. Pamoja na hayo, wenye mabasi walianza kulipwa kwa kilomita ambazo magari yao yametembea, si kwa vichwa vya abiria. Badiliko hili la pili halisifiwi sana, ilhali ndilo lililoondoa tamaa ya kukimbilia abiria. Gharama yake ni kwamba pengo la mapato hujazwa na serikali ya jiji.

Dar es Salaam nayo imewahi kuonja mfano mdogo wa mpango huo. Mabasi yaendayo haraka yalipoanza mwezi Mei 2016, njia ya mlisho ilikuwa shilingi 400 na njia kuu 650, lakini tiketi ya zote mbili ilikuwa 800, pungufu ya shilingi 250 kuliko kulipa mbalimbali. Iliwezekana kwa sababu magari yote yalikuwa ya kampuni moja na fedha ziliingia katika sanduku moja. Daladala mbili za wamiliki wawili hazina sanduku la pamoja la kugawana shilingi 800, wala chombo cha kuthibitisha kwamba abiria anayepanda Ubungo ndiye yule yule aliyeshuka pale dakika kumi zilizopita.