Mche mdogo usikudanganye: fikiri kabla ya kupanda mti nyumbani

Tangi letu la maji ya mvua lilipasuka kiangazi, wakati maji yana thamani kuliko pesa, na aliyesababisha ni mimi mwenyewe. Nilipojenga hapa Bongwe nilichukua mche wa mwarobaini usiofika magotini nikaupanda hatua tatu kutoka kwenye tangi. Ulikua haraka, ukatupa kivuli kizuri. Miaka 12 baadaye mizizi ikapenya saruji, maji yote yakaisha usiku mmoja. Ikabidi mti ukatwe. Mama yangu, aliyezoea kukaa chini yake akisuka ukili, hakunilaumu. Alikunja mkeka wake akaingia ndani. Hilo liliniuma kuliko gharama ya fundi.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi miche ni mingi. Disemba 2022 serikali ilizindua mpango wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ikapewa sikukuu ya kupanda miti. Ni jambo jema. Lakini mche wa bure haukwambii utakuwa mti wa namna gani. Hilo ni lazima uulize wewe kabla ya kushika jembe.

Anza na udongo. Chimba shimo uone kama ni mchanga, udongo mwekundu au jiwe la matumbawe. Hapa pwani tuna funzo kubwa kule Bamburi. Mwaka 1971 Rene Haller alianza kupanda miti kwenye machimbo ya kampuni ya saruji, mahali palipobaki jiwe tupu. Alijaribu aina 26, zikashika tatu tu, zikiwemo mvinje na mnazi. Basi kama kiwanja chako ni jiwe, usilazimishe mfenesi unaotaka udongo wenye kina na unyevu wa kutosha. Mkwaju huvumilia ukame, na mkorosho hupenda mchanga.

Pili, pima nafasi kwa mti uliokomaa. Mwembe wa kienyeji na mkorosho hutanda sana. Uache angalau mita 10 kutoka kwenye nyumba, na mbali zaidi na tangi, kisima au shimo la choo. Mizizi ya mnazi haipasui ukuta kwa urahisi, lakini nazi na makuti huanguka bila kubisha hodi, kwa hiyo usiupande penye njia wala wanapocheza watoto. Mwenye kiwanja kidogo asikate tamaa: mlimau, mpera, mstafeli na mkomamanga hutosha uani, na asmini karibu na mlango haimdhuru mtu.

Tatu, kumbuka upepo wa kusi. Mti dhaifu au wenye mizizi mifupi ukiuweka upande wa kusini, siku ya kuanguka utaangukia paa lako. Tawi lililofika kwenye bati pia ni daraja la tumbili kuingia jikoni. Na tazama juu: kama pana waya za stima, hapo si mahali pa mti mrefu. Kule Diani mbega hufa kwa kushika nyaya, na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa 1997, limekuwa likipunguza matawi yaliyo karibu nazo na kutundika ngazi ili wanyama wavuke barabara salama.

Kuhusu mwarobaini, siukatai. Ni dawa na ni kivuli. Lakini ndege hula matunda yake wakatupa mbegu kila mahali, nao huota hata usipopandwa. Uani utosheke na mmoja, tena mbali. Mvinje nao hutoa boriti nzuri, ila majani yake hufunika ardhi na chini yake mboga hazistawi.

Na mpakani, zungumza na jirani kwanza. Kwetu mti ni mali na ni ushahidi wa ardhi. Wangapi wamefika kwa mzee wa mtaa kwa sababu ya mwembe mmoja ambao shina liko huku na maembe yanaanguka kule? Kama ardhi si yako, pata ruhusa ya mwenyewe kabla ya kupanda mti wa kudumu.

Masika yaliyofuata nilinunua mche wa ngowe uliounganishwa, ambao hauchukui miaka mingi kuzaa. Safari hii sikuchagua mahali peke yangu. Mama alizunguka ua mzima na bakora yake, akasimama upande wa magharibi, mbali na tangi, akaniambia, "Hapa, mwanangu. Jua la alasiri ndilo linalonifukuza barazani." Nikachimba hapo.